Msamaha, Mtutu na Mahakama: Serikali ya Uganda na Waasi wa Joseph Kony

Siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, yaliyowaondolea uhai watu 148, wengi wao wanafunzi, waziri wa usalama wa ndani wa Kenya alitangaza kwamba vijana waliokuwa wamejiunga na Al-Shabaab wangepewa msamaha iwapo wangejisalimisha katika muda wa siku kumi. Wakati huo mwandishi wa makala haya alikuwa masomoni ng'ambo, na wenzake katika semina ya isimu-jamii walimwuliza neno hilo "msamaha" lina maana gani hasa katika lugha yake. Nilijibu upesi, kisha nikaona kwamba jibu langu halikutosha. Msamaha ni jambo ambalo mama humfanyia mwanawe; ni jambo ambalo rais humfanyia mfungwa; hata mtoza kodi humpa mfanyabiashara msamaha wa kodi. Na sasa, kwa tangazo lile, lilikuwa jambo ambalo serikali ingemfanyia mtu ambaye wiki mbili tu kabla yake ilikuwa ikimwita adui wa taifa. Je, neno moja laweza kubeba mizigo yote hiyo bila ya kupasuka?

Swali hilo halikuanza Garissa. Katika eneo letu la Afrika ya Mashariki, hakuna nchi iliyolijadili kwa muda mrefu zaidi, wala kwa maumivu makubwa zaidi, kuliko Uganda. Kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini serikali ya nchi hiyo ilikabiliana na Jeshi la Upinzani la Bwana, kundi la Joseph Kony linalojulikana zaidi kwa herufi zake LRA. Katika muda huo wabunge, maaskofu, masheikh, wazee wa koo, majenerali na mawakili walibishana juu ya namna serikali ipaswavyo kumjibu mtu anayeteka watoto na kukata watu midomo. Majibu makuu yalikuwa matatu: vita, msamaha na mahakama. Hoja nitakayoitetea hapa ni kwamba kosa la serikali ya Uganda halikuwa kuchagua jibu baya kati ya hayo matatu. Kosa lake lilikuwa kuyatoa yote kwa wakati mmoja, kwa ndimi tatu mbalimbali, hata kila jibu likalibatilisha jenzake.

Yafaa tuanze na chanzo, ingawa kwa ufupi, maana kimeandikwa sana na wanahistoria. Julai 1985 majenerali wa Kiacholi, wakiongozwa na Tito Okello, waliipindua serikali ya Milton Obote. Desemba mwaka huohuo walitia sahihi mkataba wa amani na Yoweri Museveni hapa Nairobi, mbele ya Rais Moi. Wino wa mkataba huo haukukaa. Tarehe 26 Januari 1986 jeshi la Museveni liliuteka mji wa Kampala, na askari wa Kiacholi wakakimbilia kwao kaskazini na Sudan. Mambo mawili yalibaki katika nyoyo za watu. Washindi walikumbuka mauaji ya Luwero, ambayo waliyahesabu kuwa kazi ya askari wa kaskazini. Walioshindwa walikumbuka kwamba walitia sahihi mkataba na wakapinduliwa kabla ya majuma sita kupita. Mtu akitaka kujua kwa nini miaka ishirini baadaye Kony aliogopa kalamu kuliko bunduki, asiisahau Nairobi ya 1985.

Upinzani wa kwanza ulikuwa wa askari hao wa zamani. Wa pili ulikuwa wa mwanamke, Alice Auma, aliyejiita Lakwena, maana yake mjumbe au mtume katika Kiacholi. Wafuasi wake walifika karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwishoni mwa 1987; naye alikimbilia Kenya, akaishi katika kambi za Dadaab hadi alipofariki Januari 2007. Juni 1988 wengi wa askari wa zamani walifanya amani na serikali katika uwanja wa Pece mjini Gulu. Aliyebaki msituni ni Kony, kijana ambaye hakuwa afisa wa jeshi wala mwanasiasa. Kwa kuwa Waacholi wengi walikuwa wamechoka na vita na hawakumfuata kwa hiari, aliwafanya wamfuate kwa nguvu. Ndipo utekaji wa watoto ulipokuwa njia ya kuandikisha jeshi.

Jambo hili la utekaji ndilo lililoufanya mjadala wa Uganda uwe tofauti na mijadala mingine ya namna hii duniani. Kwa kawaida serikali hujiuliza: tumfanyeje adui? Katika nchi ya Waacholi wazazi walijiuliza: tumfanyeje mtoto wetu ambaye amefanywa adui? Msamiati wenyewe ulishuhudia tofauti hiyo. Serikali iliwaita waasi wahalifu na majambazi, na baadaye magaidi. Desemba 2001 Marekani nayo ikaliweka kundi hilo katika orodha yake ya magaidi. Raia wa Gulu na Kitgum waliwaita *olum*, jina litokanalo na majani na pori, kana kwamba ni watu wa nyasini, waliopotelea huko. Neno la kwanza lataka mtu aondolewe duniani. La pili laacha nafasi ya mtu kutoka nyasini na kurudi nyumbani.

Msomaji wa Kenya atayaelewa haya bila ya kuelezwa sana. Mau Mau ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa katika sheria zetu hadi Agosti 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Sisemi kwamba Kony na Dedan Kimathi ni hali moja. Hata kuwataja katika sentensi moja kwanitia haya. Nasema tu kwamba jina likishaingia katika kitabu cha sheria huwa gumu kulitoa, na kwamba yeye atoaye jina huwa amekwisha kukata nusu ya shauri.

Jibu la kwanza, yaani mtutu, lilikuwa la tangu mwanzo. Mwaka 1991 jeshi lilifunga maeneo ya kaskazini na kuendesha operesheni kubwa, na wanakijiji wakahimizwa kuunda vikosi vya kujilinda kwa pinde na mishale. Waasi waliwajibu wanakijiji hao kwa ukatili: kukatwa midomo, pua na masikio. Inasikitisha kuona kwamba mshale ulitolewa kwa raia na serikali iliyokuwa na vifaru.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo mtu mmoja alijaribu njia nyingine. Betty Bigombe, mwanamke wa Kiacholi aliyekuwa Waziri wa Nchi na makao yake Gulu, alifanikiwa kukutana na Kony ana kwa ana kuanzia Novemba 1993. Walizungumza Kiacholi. Waasi waliomba miezi sita ya kukusanya watu wao na kutoka msituni. Februari 1994 Rais Museveni, akisema kwamba Kony alikuwa akitumia mazungumzo ili apate silaha kutoka Khartoum, alimpa siku saba ajisalimishe. Siku hizo hazikwisha kabla ya mapigano kuanza upya. Huenda rais alikuwa na habari za kweli. Hapana shaka kwamba Sudan iliwapa waasi silaha na kambi baada ya hapo. Lakini kwa waliomsikiliza Bigombe, serikali ilikuwa imenena kwa vinywa viwili: waziri wake akisema njooni, na mkuu wake akisema nawahesabia siku. Mwaka uliofuata, Aprili 1995, waasi waliingia katika mji mdogo wa Atiak na kuua mamia ya watu kwa siku moja.

Bunge la Uganda lililichukua jambo hili kwa uzito mwaka 1996. Kamati ya ulinzi na mambo ya ndani ilichunguza vita vya kaskazini, na mapema mwaka 1997 ikatoa ripoti. Walio wengi walipendekeza vita viendelee. Wachache, miongoni mwao Norbert Mao wa Gulu na Omara Atubo wa Lango, waliandika ripoti yao wenyewe wakitaka mazungumzo. Ripoti hizi mbili zinastahili kusomwa pamoja katika madarasa yetu ya uchanganuzi wa usemi, maana tofauti yao haitokani na ushahidi, kwa kuwa kamati ilisikiliza mashahidi walewale. Inatokana na swali la nani ahesabiwaye kuwa "sisi". Kwa wengi wa wabunge, LRA walikuwa watu wa nje ya taifa. Kwa wachache wale, walikuwa ni pamoja na watoto wa wapiga kura wao.

Wakati Bunge likijadili, jeshi lilikuwa limekwisha kuwaamuru wanakijiji waingie katika kambi zilizoitwa vijiji vya ulinzi. Nia ilikuwa kuwanyima waasi chakula na habari. Matokeo yalikuwa kwamba watu waliondolewa katika mashamba yao bila ya kulindwa ipasavyo kambini. Mwezi Oktoba 1996, usiku wa sikukuu ya uhuru, waasi waliteka wasichana 139 wa shule ya Aboke. Mtawa wa Kiitalia, Sista Rachele Fassera, aliwafuata msituni kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akarudi na wasichana 109. Waliobaki walikuwa thelathini.

Niongeze neno hapa juu ya lugha yetu. Katika kambi hizo, askari aliyetoka Mbarara au Masaka hakujua Kiacholi, na mama wa Kitgum hakujua Kinyankole. Lugha ya jeshi la Uganda, tangu siku za King's African Rifles, ni Kiswahili. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili, wataalamu wengi tulishangilia. Ni vema kukumbuka kwamba kwa mama yule Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizwa maswali kwenye kizuizi cha barabarani. Tunapojadili kwa nini lugha hii haikupendwa haraka katika sehemu fulani za Uganda, tusiwatupie wakoloni na wamishenari lawama zote.

Jibu la pili lilitoka chini, wala halikuwa la serikali kwa asili yake. Viongozi wa dini wa Waacholi, yaani Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, waliunda umoja wao wa kutafuta amani mwishoni mwa miaka ya tisini. Aliyekuja kujulikana sana miongoni mwao ni Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu. Wao pamoja na wazee wa koo walidai sheria ya msamaha. Rasimu ya kwanza ya serikali ilikusudia kuwatenga wenye makosa makubwa. Wananchi walioulizwa walikataa. Walitaka msamaha wa wote. Sheria ya Msamaha ilianza kutumika Januari 2000. Kila aliyekuwa amepigana na serikali tangu tarehe 26 Januari 1986 aliweza kujitokeza, kusalimisha silaha, kuukana uasi na kupewa cheti. Pamoja na cheti alipata kifurushi cha kuanzia maisha: shilingi za Uganda 263,000, godoro, sufuria, jembe na mbegu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, sheria hii ni hazina. Neno la Kiingereza lililotumika humo asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kutokumbuka: mwaka 403 kabla ya Kristo, Waathene waliomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe walikula kiapo kwamba hawatakumbushana mabaya. Kiswahili husema msamaha, neno lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu ukarimu na kuachilia. Kiacholi kilisema *kica*, yaani huruma, rehema. Sheria moja, basi, ilifika kwa watu watatu kama mambo matatu: kusahau, kuachilia, kuhurumia. Mwanasheria wa Kampala alidhani kesi zimefutwa. Mzazi wa Gulu alidhani moyo umelainika.

Upo ugumu mwingine, nao ni wa sarufi tupu. Kitenzi *samehe* chadai mtenda na mtendwa. Katika Sheria ya Msamaha, nani aliyesamehe? Serikali. Alisamehewa nini? Kupigana na serikali, pamoja na aliyoyatenda katika vita hivyo. Lakini wengi wa waliouawa, waliokatwa midomo na waliobakwa hawakuwa serikali; walikuwa wanakijiji. Serikali ilisamehe deni ambalo wadai wake walikuwa wengine. Na kwa upande wa pili, mtoto aliyetekwa akiwa na umri wa miaka kumi alisamehewa kosa gani? Wapo waliokataa cheti kwa sababu hiyo hasa, wakisema hawakukosa kitu. Nakiri kwamba sioni jibu la kuridhisha kwa ugumu huu wa pili. La kwanza lilikuwa na jibu, nalo ni kwamba wadai wenyewe, kupitia viongozi wao, ndio walioiomba serikali isamehe. Aliyenyang'anywa mtoto na aliyenyang'anya walikuwa mara nyingi wa kijiji kimoja, hata wa nyumba moja.

Msamaha huo ulifanya kazi kwa sababu ulisemwa katika lugha ya wale waliolengwa. Kituo cha redio cha Mega FM mjini Gulu, kilichoanza mwaka 2002, kilikuwa na kipindi kiitwacho *Dwog Cen Paco*, yaani rudi nyumbani. Waliotoka msituni waliletwa studioni, wakawaita wenzao kwa majina, wakawaambia kwamba hawakuuawa. Makamanda walikataza wapiganaji wa kawaida kusikiliza redio, nao walisikiliza. Jumla ya watu waliopata vyeti, kutoka katika vikundi vyote vya uasi, ilipita 26,000. Karibu nusu yao walitoka LRA. Hakuna operesheni ya kijeshi iliyopunguza jeshi la Kony kwa kiasi hicho.

Na bado, jibu hili ndilo ambalo serikali ililiheshimu kwa uchache zaidi. Machi 2002, baada ya kupata idhini ya Khartoum, jeshi la Uganda liliingia Sudan ya kusini katika operesheni iliyoitwa Ngumi ya Chuma. Waasi walitawanyika, wakarudi Uganda, wakaingia hadi Lango na Teso ambako vita havikuwa vimefika kwa kiasi hicho. Februari 2004 walishambulia kambi ya Barlonyo karibu na Lira na kuua watu zaidi ya 300. Idadi ya waliofukuzwa makwao ilipanda hata ikafika watu milioni 1.8. Uchunguzi wa afya uliofanywa na wizara ya Uganda pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 ulionyesha kwamba katika nchi ya Waacholi watu wapatao 1,000 walikuwa wakifa kila juma zaidi ya kiwango cha kawaida, wengi kwa malaria na maradhi mengine ya kambini.

Mwaka huohuo wa 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Ugaidi, iliyolitaja LRA kwa jina katika orodha ya mashirika ya kigaidi na kuufanya uanachama wake kuwa kosa. Sheria ya 2000 haikufutwa. Basi mtu aliyetoka msituni mwaka 2003 alikutana na vitabu viwili vya serikali moja: kimoja kikisema umesamehewa kwa kuwa ulikuwa mwanachama, na kingine kikisema utashtakiwa kwa kuwa ulikuwa mwanachama. Msituni, makamanda hawakuhitaji kutunga uongo ili kuwatisha vijana wao.

Kisha likaja jibu la tatu. Desemba 2003 Rais Museveni aliipelekea Mahakama ya Kimataifa ya Jinai shauri la LRA, la kwanza kabisa kupelekwa na nchi mwanachama. Julai 2005 mahakama hiyo ilitoa hati za kukamatwa kwa Kony, Vincent Otti, Raska Lukwiya, Okot Odhiambo na Dominic Ongwen. Viongozi wa Waacholi walisafiri hadi The Hague mapema mwaka 2005 kueleza hofu yao kwamba hati hizo zingefunga mlango wa mazungumzo ambayo Bigombe alikuwa ameyafufua. Walipingwa na watetezi wa haki za binadamu, ambao walisema kwamba muuaji asiyeshtakiwa huwafundisha wengine kuua. Hoja hii yafaa kuheshimiwa. Wapo wahanga wengi, hata miongoni mwa Waacholi, waliotaka Kony ahukumiwe, na si haki kuwafunika kwa kusema kwamba "Waacholi husamehe".

Hapa ndipo *mato oput* ilipopata umaarufu duniani. Maana yake ni kunywa oput, mti wenye mzizi mchungu, na ni tambiko la kupatanisha koo mbili baada ya mauaji. Kabla ya kunywa, mkosaji hukiri, ukweli husemwa, na fidia hulipwa, tendo liitwalo *culo kwor*. Waandishi wa ng'ambo waliiandika kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Haikuwa hivyo. Tambiko hili lahitaji muuaji anayejulikana, maiti anayejulikana na koo mbili zenye kuketi pamoja. Kijana aliyeamrishwa kuua watu asiowajua katika kijiji asichokijua angepatana na ukoo gani? Tena Walango na Wateso nao waliuawa, na wao wana desturi zao. Lililokuwa likifanyika mara nyingi kwa waliorudi ni jambo dogo zaidi, *nyono tong gweno*, kukanyaga yai mlangoni ili kuingia nyumbani bila ya uchafu wa huko nje. Hilo halikudai kuwa haki. Lilikuwa makaribisho.

Mazungumzo ya Juba yalianza Julai 2006 chini ya Riek Machar, na kwa mara ya kwanza yalizaa maandishi ya kutosha. Mapatano ya Juni 2007 juu ya uwajibikaji na maridhiano yalijaribu kuunganisha ndimi tatu kuwa ulimi mmoja: makosa makubwa yangeshughulikiwa na kitengo maalum cha Mahakama Kuu ya Uganda, mengine kwa desturi, na *mato oput*, *culo kwor* na matambiko ya makabila mengine yakatajwa kwa majina. Kwa maoni yangu hii ndiyo hati bora iliyotokana na vita vile. Ilikuja ikiwa imechelewa. Hati za The Hague zilikuwa zimekwisha kutolewa, na serikali iliyoziomba haikuwa na mamlaka ya kuzifuta.

Aprili 2008 wajumbe, wazee na waandishi wa habari walikusanyika Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan na Kongo, kumngojea Kony atie sahihi. Hakutokea. Taarifa za wakati ule zilisema kwamba alitaka kwanza aelezwe namna *mato oput* na kile kitengo maalum vitakavyofanya kazi pamoja, na lipi litamhusu yeye. Wengi walikichukulia hicho kuwa kisingizio, na huenda kilikuwa kisingizio. Mtu huyu alikuwa hodari wa kununua muda. Lakini swali lenyewe halikuwa la kijinga. Mapatano yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, yakajadiliwa Juba na wajumbe ambao wengi wao walikuwa wakiishi ng'ambo, kisha yakapelekwa kwa mtu aliyekuwa na kumbukumbu ya siku saba za 1994. Alitaka kujua ni ulimi upi wa serikali utakaomsemesha akishatoka msituni. Hakuna aliyeweza kumjibu kwa uhakika.

Tarehe 14 Desemba 2008 ndege za Uganda zilipiga kambi zake katika msitu wa Garamba. Kony alikuwa ameondoka. Wakati wa Krismasi watu wake waliua mamia ya wanakijiji wa Kongo ya kaskazini-mashariki, na Desemba 2009 wakaua wengine zaidi ya 300 katika eneo la Makombo. Hao hawakuwa na sauti yoyote katika mjadala wa Kampala, Gulu au The Hague. Filamu iliyomfanya Kony ajulikane kote duniani mwaka 2012 ililipa suala hili zima nusu saa. Naikumbuka kwa sababu wenzangu wa ng'ambo, walipojua natoka Afrika ya Mashariki, waliniuliza juu ya filamu hiyo kabla ya kuniuliza juu ya jambo lingine lolote.

Kony mwenyewe hajakamatwa hadi leo. Septemba 2025 Mahakama ya Kimataifa ilisikiliza mashtaka dhidi yake bila ya yeye kuwapo. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto wa miaka ipatayo tisa, alijisalimisha Januari 2015, akatiwa hatiani Februari 2021 kwa makosa 61, akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Mwanzoni mwa kesi yake alisema kwamba mashtaka yale ni ya LRA na ya Kony, na kwamba yeye si LRA, bali ni miongoni mwa waliotekwa nayo. Majaji waliukubali ukweli wa kutekwa kwake na wakaukataa kuwa kinga.

Lakini kesi inayoonyesha vizuri zaidi niliyoyasema ni ya Thomas Kwoyelo, ambaye habari zake hazikuvuma sana nje ya Uganda. Naye alitekwa akiwa mtoto, akakua hata akawa kamanda. Machi 2009 alijeruhiwa na kukamatwa na jeshi huko Garamba. Akiwa gerezani alijaza fomu ya kuomba msamaha, kama walivyofanya maelfu kabla yake, wakiwamo makamanda waliokuwa wakubwa kuliko yeye; Kenneth Banya, aliyekuwa brigedia, alikamatwa mwaka 2004 na akapewa. Kwoyelo hakupewa. Alipelekwa mbele ya kitengo maalum kilichoundwa kutokana na mapatano ya Juba ambayo Kony hakuyatia sahihi. Septemba 2011 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba kumnyima msamaha ni kumbagua mbele ya sheria. Hakuachiliwa. Aprili 2015 Mahakama ya Juu ikasema kwamba msamaha haukuhusu makosa ya aina yake. Kesi iliendelea, ikaahirishwa, ikaendelea tena, nyingi ya siku zake zikiwa Gulu, kwa Kiingereza na mkalimani wa Kiacholi. Agosti 2024 alitiwa hatiani kwa makosa 44, na Oktoba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 40, ipunguzwe miaka aliyokwisha kukaa akingoja. Fomu yake ya msamaha ilikuwa imejazwa tangu mwaka 2010.